Uliza Swali Moja kwa Wakati

Roboti inayozama sakafuni kwenye kompyuta haijaharibika, inakueleza ulichosahau. Katika programu za kuigiza roboti kama Gazebo na Webots, umbo unaloliona ni moja, na umbo linalogusana na vitu ni jingine. Ukisahau hilo la pili, roboti hupenya ardhi kama kivuli, na ukiipa uzito usiolingana na umbo lake, hutetemeka au kuruka hewani. Anayeanza huona hayo akavunjika moyo, akafuta kila kitu na kusakinisha upya, kumbe kosa lilikuwa katika mstari mmoja. Usifanye hivyo: soma kwanza ujumbe wa kosa ulio juu kabisa, maana mengi yanayofuata mara nyingi huzaliwa na hilo, kisha badilisha jambo moja tu, endesha tena, utazame. Kuuliza si ujinga, na kila jaribio ni swali: ukiuliza moja utapata jibu moja, ukiuliza kumi kwa pamoja hutajua lipi limejibiwa. Anguka ndani ya programu hizo mara mia bila hofu, kwani hakuna hata skrubu moja itakayokatika.