Ufunguo wa Ghala

Mtu akipanda kutoka Muheza hadi Amani, kisha akaendelea mpaka Kwamkoro, huikuta chai imetandazwa vilimani, msitu ukiizunguka. Mara nyingi nimesimama huko kando ya barabara nikiwatazama wachumaji, nikajiuliza: meneja wa shamba la chai ana uwezo juu ya nini hasa? Chai nzuri hutokana na majani mawili na chipukizi lake, na uamuzi wa kuchuma hili na kuliacha lile hufanywa na vidole vya mama mmoja aliye peke yake katika ukungu. Jani likishachumwa halingoji. Likichelewa kufika kiwandani huharibika ndani ya gunia kwa joto lake lenyewe. Hakuna msimamizi awezaye kukagua kila kiganja. Apende asipende, meneja anaishi kwa kuwaamini watu.

Wakubwa huuliza, "Nitajuaje kama watu wangu ni waaminifu?" Mchumaji naye ana swali lake, nalo liko kwenye mizani. Popote majani yanapolipwa kwa kilo, yuko karani anayesoma na kuandika. Uso wa mizani umeelekezwa kwa nani? Kama mchumaji haoni mshale unaposimama, hata agawiwe fulana na soda kila mwaka, hajaaminiwa.

Nchi yetu iliwahi kulisema jambo hili waziwazi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi kiburi, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliushika. Migomo ilizuka viwandani katika miaka iliyofuata, na wakubwa waliousifu Mwongozo mikutanini wakashtuka walipopimwa kwa Mwongozo huo huo. Mimi siwacheki, maana nilikuwa mmoja wao kwa kadiri yangu ndogo.

Nilipokuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni, nilimkabidhi mwalimu kijana ghala la chakula. Nilimpa ufunguo mbele ya walimu wote, nikahutubia juu ya kujitegemea, wakapiga makofi. Sikusema kwamba ufunguo wa pili ulibaki mfukoni mwangu. Usiku nilikuwa nikiingia na kurunzi kuhesabu magunia. Halikupungua hata moja! Lakini msimu mmoja mahindi yalibunguliwa, magunia mengi yakawa vumbi, na watoto wakala uji mchungu kwa wiki kadhaa. Nilimwita ofisini, nikamwuliza kwa ukali kwa nini hakuchukua hatua mapema.

Akanijibu kwa upole, "Samahani, Mwalimu Mkuu. Nilidhani umeyaona mwenyewe usiku."

Sikuwa na la kusema. Kumbe nilimpa kazi ya ghala bila kumpa ghala. Sisemi mtu asikaguliwe. Pasipo hesabu hata ndugu hugombana. Lakini ukaguzi wa mchana, daftari likiwa wazi na wawili wakitia sahihi, ni kitu kimoja, na kurunzi la usiku ni kitu kingine kabisa.

Kesho yake nilimpelekea ufunguo wa pili, pamoja na idhini ya kununua dawa ya wadudu bila kuniuliza. Aliupokea kwa mikono miwili, akautazama kwa muda.

"Ahsante, Mwalimu," akasema. "Na wa tatu?"

Wa tatu haukuwapo. Nililazimika kumwambia hivyo mara mbili.