Daktari Aliyeacha Kazi Yake



Wajukuu wetu hupenda picha za kutisha, nasi wazee huwakemea kwamba ni upuuzi. Nyingi ni upuuzi kweli. Lakini iko moja ya zamani, isiyo na rangi, ambayo ningependa vijana wa kwaya waitazame: Frankenstein, iliyotolewa Marekani mwaka 1931. Asili yake ni kitabu cha mwaka 1818 cha Mary Shelley, aliyekuwa na umri wa miaka 20 tu.

Daktari mmoja anaunganisha viungo vya maiti, na kwa nguvu ya radi anakipa uhai kiumbe kisicho na jina. Kwa furaha anapiga kelele kwamba sasa anajua Mungu anavyojisikia. Wengi huishia hapo na kusema kuwa kosa lake ni kutafuta elimu iliyokatazwa. Mimi niliyefundisha walimu miaka mingi siafiki. Elimu hiyo hiyo imetupatia dawa ya kifua kikuu, na hapa Rungwe uhimilishaji umejaza maziwa nyumba nyingi. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza (Mwanzo 2:15); hakuambiwa afumbe macho.

Tazameni yanayofuata. Kiumbe kile kinaogopa moto. Mtumishi wa daktari anakitesa kwa mwenge, na daktari mwenyewe anarudi kwao kuandaa harusi. Baadaye kinakutana na mtoto wa kike kando ya ziwa, wakicheza kwa kurusha maua yaelee majini. Maua yanapokwisha kinamrusha mtoto, kikidhani naye ataelea. Hakuna aliyekifundisha.

Sisi tunalo ziwa letu la namna hiyo. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, sangara waliletwa Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Kusudi halikuwa ovu: ziwa lilijaa furu, samaki wadogo wenye miiba, na ilidhaniwa kwamba sangara, ambaye aweza kupita kilo 100, angewageuza kuwa nyama ya kuuzika. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer, aliyekwisha kuchunguza samaki wa Ziwa Nyasa upande wa Nkhata Bay, aliandika kupinga jambo hilo. Hakusikilizwa. Katika miaka ya 1980 sangara wakaongezeka kupita kiasi, na wataalamu hukadiria kuwa aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Ni kweli pia kwamba viwanda vya minofu vya Mwanza vililisha jamaa nyingi, wala si haki kulificha hilo. Lakini sisi tunaonunua mbasa na dagaa kutoka Kyela tujiulize tungesema nini kama samaki yule angaliletwa Nyasa.

Adamu alipokosa alijificha, na Mungu ndiye aliyekuja bustanini kumtafuta na kumwita (Mwanzo 3:9). Daktari yule alitaka kuwa kama Mungu, kisha akashindwa lile lililo la Mungu hasa, yaani kutomwacha kiumbe wake. Hata Msalaba tusingeuelewa kama Muumba angekuwa amekwenda harusini.

Wapo wanasayansi waliofanya vingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walikuwa Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakivua na kuhesabu furu hata walipokuwa wakipungua machoni pao. Kwa kuwa kazi hiyo haikuachwa, ndiyo maana ilijulikana katika miaka ya 1990 kwamba baadhi ya furu walikuwa wakirudi. Hesabu za namna hiyo hazina kelele wala radi, na nadhani hakuna atakayezitengenezea picha.

Basi, ndugu zangu wa kamati za vijiji na za mitaa ya Kanisa, mtaalamu atakapokuja tena Tukuyu na mbegu mpya, dawa mpya ya shambani au miche ya parachichi, mpokeeni kwa heshima na mpeni chai. Kisha mwulizeni kwa adabu: baada ya miaka 3, atakayerudi kuitazama kazi hii ni nani, naye tutampata wapi?