Takrima, Hongo na Kura

Katika lugha yetu vitu vinavyotolewa mkono kwa mkono vina majina mengi, na kila jina lina sababu yake. Baba wa bibi harusi hupewa kilemba, mama yake hupewa mkaja, mfiwa hupelekewa ubani. Wazee hawakuyatunga majina haya ili kuipamba lugha tu. Jina lilikuwa ushahidi: lilieleza nani anampa nani, kwa ajili gani, na mbele ya mashahidi gani. Hatujapata kusikia mtu aliyeona haya kuutaja mkaja mbele ya jamaa zake.

Yafaa tuyakumbuke hayo tunapolitazama neno moja ambalo kwa miaka michache lilitaka kuwa sheria. Mwaka 2000 Bunge la Tanzania liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985, na kuweka vifungu vilivyosema kwamba jambo likitendwa na mgombea kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, lisihesabiwe kuwa hongo. Wananchi wakaviita vifungu hivyo takrima. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na wenzake walivipinga mahakamani, na mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavitengua, kwa kuwa vilimbagua mgombea asiye na kipato mbele ya mwenye nacho. Hoja hiyo ni ya Katiba, nayo ilitosha kumaliza shauri. Lakini mahakama haikuwa na haja ya kutujibia swali la utamaduni, na swali hilo ni letu: je, ile ilikuwa jadi kweli?

Sisi tunasema haikuwa. Takrima, kama walivyo ndugu zake ukarimu na karama, ni neno la kuheshimu, na katika desturi zetu anayeheshimiwa hivyo ni mgeni. Mwenyeji hutandika mkeka, hutafuta kuku, hukopa hata unga kwa jirani ili mgeni asilale njaa. Mgeni naye huwa mgeni siku mbili, na siku ya tatu hupewa jembe. Sasa mgombea anayefika kijijini na msafara wake ni nani, kama si mgeni? Akishusha magunia ya mchele na doti za khanga katika uwanja wa watu wengine, amejifanya mwenyeji mahali ambapo yeye ndiye aliyekuja kuomba. Desturi imepinduliwa miguu juu, kisha tukaambiwa kwamba hiyo ndiyo desturi yenyewe.

Hata hongo, neno tulilochukia sana, lilianza na heshima zaidi kuliko hiyo. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ililipa hongo kwa watawala wa Ugogo: nguo, shanga, nyaya za shaba. Wenye misafara walinung'unika mno, lakini walilipa mchana, baada ya majadiliano, na walichokilipia kilijulikana, nacho ni ruhusa ya kupita na maji ya kunywa. Neno liliharibika pale malipo yalipoingia gizani.

Wapo wasemao kwamba dawa ni rahisi: pokea chumvi, pokea khanga, kisha ukapige kura yako upendavyo, maana chumba cha kura hakina dirisha. Shauri hili husemwa kwa kicheko, nasi twaona kwamba ndilo baya kuliko yote. Tumfikirie anayelifuata na asiyeweza kulifuata. Mtu asiyejali neno lake hupokea kwa wagombea watatu na kulala usingizi wake. Lakini yuko mama mmoja aliyelelewa kwamba ukila chumvi ya mtu usimgeuke. Huyo akipokea kilo mbili za sukari hujiona amefungwa. Hakuna anayemlinda wala kumpeleleza, ila anajifunga mwenyewe kwa malezi yake. Basi zawadi ya uchaguzi haimpati mjanja. Humpata mwaminifu, na humpata kwa uaminifu wake. Kitu kilichotumia karne nyingi kujengwa katika mioyo ya watu, yaani kukumbuka fadhila, kinafanywa mtego wa kuwanasia. Umaskini humlazimisha kupokea, na adabu humlazimisha kulipa. Wala hatuoni haki ya kumlaumu yeye kwanza.

Tena kura anayoilipa si mali yake peke yake. Jirani aliyekataa sukari atawakilishwa na mbunge yule yule.

Na aliyetoa naye alipewa. Fedha za mabango, magari na shughuli za jukwaani zina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana kumbukumbu nzuri. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU katika jimbo walisafiri pamoja, wakahutubia jukwaa moja, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na kampeni ikaendeshwa na chama. Mfumo ule ulikuwa na kasoro yake kubwa, kwani majina mawili yalipitishwa na chama kimoja, wala mwananchi hakuwa na la tatu. Hata hivyo Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alishindwa kule Mwanza, na cheo hakikumwokoa. Miiko ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ikamkataza kiongozi mishahara miwili, hisa na nyumba za kupangisha. Ililegezwa mwaka 1991. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 ikaja kuwataka wagombea waeleze fedha zao zinatoka wapi, nayo haikuziacha nje kura za maoni ndani ya vyama, ambamo wapiga kura wachache huweza kufikiwa mmoja mmoja usiku.

Sheria hiyo yaweza kumhoji mgombea. Haiwezi kumsaidia mbunge anayerudi jimboni na kukuta foleni mlangoni pake: huyu ataka sanda, huyu karo, huyu bati za paa. Akitoa, twamsifu kuwa ana mkono mwepesi. Kazi tuliyomtuma, ya kutunga sheria na kuihoji Serikali juu ya bajeti, haionekani foleni ile. Aliyefiwa apelekewe ubani na mbunge kama anavyopelekewa na jirani mwingine, kwa kiasi cha jirani, na kabla ya mwaka wa uchaguzi pia. Lakini mara nyingi anayeomba karo mlangoni hapo anaishi katika kijiji ambacho zahanati yake haina dawa, na dawa hizo zilikuwa katika makadirio yaliyopitishwa mbunge akiwa ukumbini. Foleni nzima haina mtu aliyekuja kumwuliza siku hiyo alisema nini.