Je, Maendeleo Yaweza Kudumu Watu Wakinyamazishwa?



Twasikia mara nyingi watu wakisema, "Siasa hailiwi, tupeni barabara na maji." Neno hili lina uzito, maana mwenye njaa hashibi hotuba. Lakini yatupasa kuuliza: vitu hivyo vitalindwa na nani, ikiwa mwananchi hana ruhusa ya kuuliza?

Tukumbuke habari ya shamba la Nabothi, 1 Wafalme mlango wa 21. Kwanza barua ziliandikwa kwa jina la mfalme, kisha mashahidi wa uongo wakasimamishwa. Shamba lilichukuliwa mwisho, baraza likiwa limekwisha kuharibika.

Hapa kwetu Kenya mambo yalifuata njia iyo hiyo. Mwaka 1982 sheria iliruhusu chama kimoja tu. Mwaka 1988 wateuliwa wa chama walichaguliwa kwa mlolongo wa hadharani, na mahali pengine mwenye mstari mfupi akatangazwa mshindi. Mwaka huo huo majaji waliondolewa ulinzi wa kazi yao. Maaskofu wetu Henry Okullu, Alexander Muge na David Gitari walionya, wakaambiwa wasiingilie siasa.

Mwaka 1989 ukaja mpango wa kujenga jengo la orofa 60 katika Uhuru Park, mahali wanapopumzika watu wa Nairobi wasio na bustani zao. Wangari Maathai alipopinga, alidhihakiwa Bungeni, na mahakama ikaitupa kesi yake. Hakunyamaza, wafadhili wakarudi nyuma, na jengo halikujengwa. Lakini viwanja vingapi vya shule havikupata mtetezi? Tume ya Paul Ndung'u, katika taarifa yake ya mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma na misitu vilivyogawiwa kinyume cha sheria kwa miaka mingi.

Wala tusidhani kwamba vyama vingi peke yake ni dawa. Viliruhusiwa tena mwishoni mwa 1991, na bado Msitu wa Karura ulikatwa vipande vipande. Januari 1999 Wangari na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti. Kura ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni mahakama isiyoogopa, hesabu zilizo wazi, na watu wanaouliza.

Mti hukua polepole, na mtawala asiyeulizwa huangalia faida ya leo. Wajukuu watakaohitaji kivuli na maji ya mti huo hawana kura bado. Wana vinywa vyetu tu.

Maandiko hayasemi kwamba wazee wa mji walimchukia Nabothi. Yasema walifanya kama walivyoagizwa. Basi tuanze kanisani kwetu: hesabu zinaposomwa, tusikilize na tuulize kwa heshima. Asiyezoea kuuliza habari za sadaka hataweza kuuliza habari za msitu.