Je, Ni Halali Kumwua Aliyeua?

Wakatekumeni wapendwa, mnapofundishwa amri ya tano, swali moja haliachi kuzuka: Mungu amekataza kuua, je, serikali yaweza kwa haki kumwua mtu aliyemwaga damu ya mwenzake? Swali hili tusilidharau. Mjane ambaye mumewe aliuawa usiku na majambazi anadai haki, na kilio chake ni cha kweli.

Hapa Kongo jambo hili si la vitabuni tu. Tangu mwaka 2003 serikali iliacha kuwaua waliohukumiwa kufa, ingawa mahakama ziliendelea kutoa hukumu hiyo. Mwezi wa Machi 2024 ilitangaza kwamba hukumu itatimizwa tena, juu ya askari wasaliti na juu ya majambazi wa mijini wanaoua watu.

Wanaoikubali adhabu hiyo wana hoja yenye uzito, na sisi wa Lubumbashi twaijua. Mwaka 2009 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kufa Gédéon Kyungu Mutanga, mkuu wa Mai-Mai, kwa sababu ya maovu makubwa waliyotendewa raia. Hakuuawa, bali alifungwa katika gereza la Kasapa. Tarehe 7 Septemba 2011 watu wenye silaha walilishambulia gereza hilo, naye akatoroka pamoja na wafungwa karibu elfu moja. Kisha wapiganaji wake wakawatesa watu wa upande wa Mitwaba, Manono na Pweto, na maelfu wakayakimbia makwao. Basi wako wasemao: “Kama angaliuawa, vijiji vyetu vingalipona.”

Tusiwajibu watu hao kwa maneno mepesi. Ni wajibu wa serikali kuwalinda raia, na kwa karne nyingi Eklezia yenyewe ilikubali kwamba watawala waweza kutoa adhabu hiyo. Lakini tuangalie vema: kosa la Kasapa lilikuwa la kuta na la ulinzi. Ukuta uliobomoka hujengwa tena. Mlinzi mzembe huondolewa. Hakimu akikosea juu ya uhai wa mtu, nani atalitengeneza kosa lake?

Tumkumbuke Évariste Kimba, mwana wa Katanga, aliyechaguliwa mwaka 1965 kuwa waziri mkuu wa Kongo. Tarehe 30 Mei 1966 alikamatwa pamoja na wenzake watatu, wakishitakiwa kwamba walitaka kumpindua Mobutu. Mahakama ya kijeshi ilikata shauri lao upesi, na tarehe 2 Juni wote wanne walinyongwa mjini Kinshasa mbele ya umati mkubwa. Miaka thelathini na mmoja baadaye, uwanja mkubwa wa mpira wa mji huo uliitwa Uwanja wa Mashahidi, kwa heshima yao. Walionyongwa kama wasaliti wakaheshimiwa kama mashahidi. Lakini heshima hiyo haikumrudisha hata mmoja kwa jamaa yake.

Pengine mtasema: “Na yule ambaye kosa lake ni wazi kabisa?” Huyu naye ni mtu bado. Kaini alimwua ndugu yake, na Mungu hakuuficha uovu wake. Alimwadhibu, lakini akamtia alama ili mtu ye yote asimwue. Adhabu ilikuwa kali, na mlango wa toba ulibaki wazi. Kwa hiyo mwaka 2018 Papa Fransisko aliligeuza fungu la 2267 la Katekisimu: adhabu ya kifo haikubaliki, kwa kuwa inaudhuru utu wa mtu, nayo magereza ya siku hizi yaweza kuwalinda watu bila kumnyima mkosaji nafasi ya kuongoka. Basi anayeikataa adhabu hiyo sharti adai pia magereza imara, mahakimu wasiopokea rushwa, na msaada kwa wajane na yatima wa waliouawa. Asipodai hayo, huruma yake ni kwa mwuaji peke yake.

Nanyi msidhani ya kuwa jambo hili ni la wakubwa tu. Siku mwizi atakapokamatwa kijijini, watu wakaanza kuokota mawe na kutafuta gurudumu la kumchomea, hapo nawe umekuwa hakimu. Mzuie asikimbie, mfikishe kwa chifu au kwa polisi, useme kweli yote uliyoiona. Na jiwe uliache chini.