Kiti Huoza kwa Chini

Mtu mmoja wa Miami alinunua boti ya kasi iliyokwishatumika, ya futi 38, injini mbili, faibaglasi yake bado inang'aa. Kisa ni cha mfano, ila mafundi wa viti vya boti kule Florida watakitambua mara moja. Viti vilikuwa vimechoka: ngozi bandia imepasuka, mishono imeachia. Fundi wa boti alipomtajia bei, alishtuka, akaenda kwa fundi wa makochi. Wiki mbili baadaye viti vilirudi vyeupe, vina mistari myekundu, na kila aliyeviona alivisifu.

Fundi wa makochi hakumdanganya. Alishona kama anavyoshona siku zote, kwa vitu vya sebuleni. Ngozi bandia ya PVC hulainishwa kwa kemikali, na jua pamoja na dawa kali za kusafishia huzitoa kemikali hizo kidogo kidogo mpaka ngozi inakakamaa na kupasuka. Ile ya baharini huongezewa kinga dhidi ya jua na ukungu. Uzi nao una mambo yake: wa nailoni hudhoofishwa haraka na jua, wa poliesta huvumilia zaidi, na wa PTFE jua haliuwezi, ila bei yake ni kubwa.

Hayo yote huonekana kwa macho. Hatari imejificha chini yake. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji, na sponji ya kawaida ikishayanywa haiyaachii. Kuna sponji yenye vitundu vilivyo wazi kabisa, ambayo maji hupita moja kwa moja yakatoka kwa chini; hiyo ndiyo ya kuwekwa botini, tena juu ya ubao wenye matundu ya kutolea maji. Yule bwana alikuwa na sponji laini, nene, iliyokaa juu ya plaiwudi ya kawaida, imebanwa kwa pini za stepla zinazoshika kutu.

Ulaini huo ulimpendeza boti ilipokuwa imefungwa gatini. Boti ya kasi ikikimbia noti 60, yaani kama kilomita 111 kwa saa, hurukia mawimbi na kuanguka. Sponji laini mno hubonyea mpaka mwisho, mwili ukagota kwenye ubao, na kishindo chote kikapanda uti wa mgongo. Ndiyo maana waendeshaji wengi wa boti hizi hukunja sehemu ya kukalia, wakasimama wamelegeza magoti, huku kiti kikiwashika nyonga na mgongo. Na madhara ya kishindo hicho si jambo la kubuni: Agosti 2008, katika Bristol Channel, Uingereza, mwanamke aliyepanda boti ya mpira ya matembezi alivunjika pingili ya mgongo kwa mshtuko wa namna hiyo.

Mwaka wa pili, wimbi la boti nyingine liliirusha boti ya yule bwana. Shemeji yake, aliyekuwa amesimama kando yake, aliegemea kiti kwa uzito wote. Kiti kiling'oka. Akaanguka sakafuni, akavunjika mtulinga.

Safari hii alirudi kwa fundi wa boti. Fundi alikipindua kiti, akasukuma bisibisi kwenye plaiwudi. Ikazama mpaka kwenye mpini bila kulazimishwa. Ubao ulikuwa mweusi, unamong'onyoka kwa vidole, na bolti zilikuwa zimetoka na mapande ya mbao iliyooza. Sponji ilikamuliwa, ikatoa maji ya kahawia. Juu, ngozi nyeupe ilikuwa bado safi.

Anayenunua boti ya namna hii aombe afungue kiti kimoja kabla ya kulipa. Abonyeze sponji kwa goti aone kama maji yatachuruzika kwenye mshono, atazame rangi ya pini, ashike mgongo wa kiti autikise kwa nguvu. Muuzaji akikataa kiti kisifunguliwe, aiache boti hiyo hapo hapo gatini.