Mikono Mingi Katika Dawa Moja



Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12, awafundisha waamini ya kuwa kiungo chenye heshima hakina ruhusa ya kukidharau kilicho duni, maana mwili ni mmoja. Mafundisho hayo twazoea kuyaelekeza kwa wazee, walimu na waimbaji wa kanisa. Leo twapenda kuyaelekeza mahali pengine, yaani kwa dawa iitwayo penisilini. Wengi wetu tumechomwa sindano yake, wala hatukupata kuuliza imetufikiaje.

Watu husimulia ya kuwa iligunduliwa na mtu mmoja. Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's, London, daktari Alexander Fleming alirudi kutoka likizo, akaona kisahani alimooteshea vijidudu vya majipu kimeingiwa na ukungu, na vijidudu vilivyokuwa karibu na ukungu ule vimekufa. Hayo ni kweli, lakini si nusu ya habari. Dawa iliyokuwamo katika maji ya ukungu ilikuwa chache mno, tena huharibika upesi, na Fleming hakuweza kuitenga. Aliandika aliyoyaona mwaka 1929. Kisha miaka kumi ikapita, na watu wakaendelea kufa kwa vidonda na kwa homa ya mapafu kama zamani.

Ndipo wakatokea watu wa Oxford: Howard Florey, mzaliwa wa Australia; Ernst Chain, Myahudi aliyekuwa ameiacha Ujerumani ya Hitler; na Norman Heatley, ambaye hakuwa daktari wa kutibu watu, bali alikuwa na mikono ya ufundi. Tarehe 25 Mei 1940 waliwatia panya wanane vijidudu vya kufisha. Wanne wakapewa dawa, wanne wasipewe. Kulipokucha, wale wasiopewa walikuwa wamekufa wote, na wale waliopewa wote wangali hai.

Lakini panya ni mdogo, na mtu ni mkubwa. Hapo kazi ikatoka mkononi mwa tabibu ikaingia mkononi mwa fundi. Ukungu ule huota juu ya maji penye hewa, kwa hiyo vilitakiwa vyombo vipana visivyo na kina, navyo wakati wa vita vilikuwa haba. Wakatumia madebe ya maziwa, na hata vyombo vya choo vya wagonjwa. Msomaji asicheke. Heatley akachora mfano wa chombo cha udongo, akawaendea wafinyanzi wa Staffordshire, nao wakamfinyangia mamia. Wasichana wakaajiriwa kuvitunza. Mtambo wa kuitenga dawa aliuunda kwa chupa, mipira ya maji na kabati la vitabu lililotupwa.

Mwezi wa Februari 1941 askari polisi mmoja wa Oxford, ambaye usaha ulikuwa umemla uso na jicho, alichomwa sindano ya dawa hiyo. Siku chache tu, homa ikashuka, akala chakula. Kisha dawa ikapungua. Wakakusanya mkojo wake, wakaitoa dawa iliyopita mwilini, wakamchoma tena, kama wanafunzi waliookota mabaki ya mikate yasipotee. Hata hayo yakaisha, na ugonjwa ukarudi. Askari yule akafa tarehe 15 Machi. Maarifa yalikuwapo, na nia njema ilikuwapo. Kilichokosekana ni kiwanda.

Kwa hiyo Florey na Heatley walivuka bahari kwenda Marekani mwaka huo huo. Huko Peoria wataalamu wa kilimo waliongeza katika chakula cha ukungu maji yaliyolowekewa mahindi, ambayo viwanda vya wanga vilikuwa navyo tele, na dawa ikazidi mara nyingi. Mwaka 1943 wakapata ukungu wenye nguvu zaidi juu ya tikiti lililooza. Kisha wakaja mainjinia, na kazi yao ndiyo isiyosimuliwa. Wao walitaka ukungu uote ndani ya tangi refu, si juu ya maji tu. Basi yapasa hewa isafishwe ipulizwe ndani, maji yakorogwe bila kukoma, joto lipozwe, wala kijidudu kigeni kisipenye, maana kimoja tu huharibu tangi zima. Margaret Hutchinson, injinia mwanamke, alikuwa miongoni mwa waliosanifu viwanda hivyo. Mwezi wa Machi 1944 kampuni ya Pfizer ilifungua kiwanda huko Brooklyn, katika nyumba iliyokuwa ya kutengenezea barafu, chenye matangi 14, kila moja galani 7,500. Katika miaka ya 1950 dawa hii ikawaponya watu wengi sana ugonjwa wa buba, hata katika Afrika.

Wako wahubiri wanaosema kuwa kutumaini kitu cha kiwandani ni upungufu wa imani. Sisi hatukubaliani nao. Aliyeumba ukungu ndiye aliyempa mfinyanzi vidole. Nishani ya Nobel ya mwaka 1945 walipewa Fleming, Florey na Chain, Heatley hakupewa. Chuo cha Oxford kilimpa udaktari wa heshima mwaka 1990, naye amekwisha kuwa mzee.

Umebaki mkono mmoja, nao ni wa mgonjwa mwenyewe. Twaona mitaani mwetu mtu akiandikiwa vidonge vya siku saba. Siku ya tatu hupata nafuu, hushukuru Mungu, na vilivyobaki huviweka juu ya kabati, au humgawia jirani kwa huruma. Fleming alilionya jambo hilo mwaka 1945, katika hotuba yake ya Nobel, akitoa mfano wa mtu mwenye maumivu ya koo. Mtu huyo anunua penisilini mwenyewe, atumia kidogo isiyotosha kuwaua vijidudu, bali yawafundisha kuizoea dawa. Kisha amwambukiza mkewe. Mkewe apatwa na homa ya mapafu, atibiwa kwa penisilini, nayo haimsaidii, naye afa. Fleming aliuliza ni nani aliyemwua mama huyo, akajibu kuwa ni mumewe.